Kabla hamjauza ploti ili mzee atiwe vali za mapafu, someni hapa kwanza

MwanaWaUmoja ameandika:

Wadau, jambo hili nimekaa nalo miezi mingi. Leo naliandika lote kwa sababu kila baada ya siku chache naona mtu humu akiuliza kuhusu vali za mapafu, na majibu anayopewa ni nambari za mawakala wa kusafirisha wagonjwa.

Mwaka jana baba yangu hakuweza kutoka kitandani hadi bafuni bila kupumzika njiani. Alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, viganja juu ya magoti, mabega yamepanda, anatafuta pumzi. Usiku tulikuwa tunamsikia kutoka chumba cha pili. Ndipo shangazi akatuma video kwenye kundi la familia: daktari wa ng'ambo anapitisha mrija mdomoni mwa mgonjwa, anaacha vidude vidogo, ndizo vali zenyewe, ndani ya mapafu, mgonjwa anaamka anapumua vizuri. Hakuna kisu, hakuna nyuzi. Kufikia jioni ile kundi lilikuwa limeshaamua: ploti ya Kitengela iuzwe, harambee iitishwe, Mzee apelekwe India.

Ploti haikuuzwa, na nataka kila mwenye mgonjwa wa emfisema, yaani mapafu yaliyolegea na kukwamisha hewa, ajue kwa nini. Vali hizo ni za kweli na zimewasaidia watu. Lakini kuna vipimo vinavyoamua kama zitamfaa mtu wako, na vipimo hivyo vinatangulia tiketi ya ndege.

Baba ana miaka 68. Alichomelea vyuma Industrial Area karibu miaka 30, na alivuta sigara tangu ujana mpaka alipofika 61. Kikohozi kilipoanza, zahanati moja ilimpa dawa za TB miezi sita ingawa makohozi hayakuonyesha TB. Nyingine ikasema ni pumu. Miaka mitatu ikapita hivyo kabla hajapulizishwa ile mashine ya spirometri, ikaonekana kwamba pumzi anayotoa katika sekunde ya kwanza ni asilimia 31 tu ya inayotarajiwa kwa mtu wa umri na kimo chake. Kama mzazi wako amevuta sigara miaka mingi na anatibiwa TB ambayo haionekani kwenye makohozi, ombeni apulizishwe. Ni kipimo cha dakika chache.

Ndani ya mapafu, njia za hewa hugawanyika na kugawanyika mpaka zifike kwenye mamilioni ya vifuko vidogo vyenye kuta nyembamba. Hapo ndipo oksijeni inapoingia kwenye damu. Moshi wa miaka mingi huzila kuta hizo, na vifuko vingi vinaungana kuwa mapango yaliyolegea. Pafu linapoteza mnyumbuko wake kama lastiki ya soksi kuukuu, hewa inaingia lakini haitoki yote. Mimi nilidhani Mzee hana hewa. Daktari akanionyesha kwenye picha kwamba anayo nyingi mno, imekwama kifuani, imeusukuma ule msuli mkubwa wa kupumulia chini ya mbavu mpaka umelala bapa.

Fikirieni matatu ya jioni iliyojaa na abiria wamekataa kushuka. Hata kituo kikiwa na watu kumi wanaotaka kupanda, watapanda wapi?

Vali imebuniwa kwa ajili ya tatizo hilo. Pafu la kulia lina sehemu kubwa tatu na la kushoto lina mbili, madaktari huziita lobu. Daktari huingiza bronkoskopi, yaani mrija mwembamba wenye kamera, na kuweka vali kwenye vijia vyote vya hewa vinavyoingia lobu iliyoharibika zaidi. Kwa kawaida huwa vali tatu mpaka tano. Kila moja huruhusu hewa na makohozi kutoka lakini hairuhusu hewa kuingia. Lobu ile inanywea, na sehemu zilizo nzima zaidi zinapata nafasi ya kutanuka. Marekani iliidhinisha aina mbili mwaka 2018: Zephyr mwezi Juni na Spiration mwezi Desemba. Zikisumbua zinaweza kutolewa.

Sasa sikilizeni hili ambalo video haikulisema. Kati ya lobu na lobu kuna ufa unaozitenganisha. Kwa baadhi ya watu ufa huo umekamilika. Wengine tumezaliwa nao nusu, lobu mbili zimeshikana mahali, na hewa inapenya kutoka moja kwenda nyingine. Kwa mtu wa namna hiyo, ukifunga mlango wa matatu watu wataingia kwa dirisha. Vali zimekaa, pesa zimeisha, lobu imejaa vilevile.

Ufa hupimwa kwa picha ya CT, yaani eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, yenye vipande vyembamba sana, inayopitishwa kwenye programu ya kompyuta. Ukiwa umekamilika kwa zaidi ya asilimia 95, mlango unafungika. Chini ya 80, vali hazishauriwi. Katikati ya hapo daktari huingiza puto dogo kwa bronkoskopi, anaziba njia ya lobu kwa muda na kupima kama hewa inaendelea kutiririka. Kifaa hicho kinaitwa Chartis.

Kuna kipimo kingine ambacho watu wengi hawafanyiwi: hewa inayobaki kifuani baada ya mtu kupuliza yote aliyonayo. Spirometri haiwezi kuipima, kwa sababu inapima hewa iliyotoka peke yake. Mgonjwa huketi ndani ya kibanda cha vioo kilichofungwa na kupumulia kwenye mrija. Wanaotafutiwa vali hutakiwa wawe na hewa iliyobaki kuanzia asilimia 175 ya ile ya kawaida. Ikiwa chini ya hapo, hakuna hewa iliyokwama ya kutosha kuhalalisha hatari. Pia pumzi ya sekunde ya kwanza iwe kati ya asilimia 15 na 45, na mgonjwa awe ameacha sigara miezi minne au zaidi.

Baba alipata 224 kwenye kibanda. Nakumbuka tulivyofurahi ndani ya gari, kana kwamba amefaulu mtihani. Wiki iliyofuata majibu ya ufa yakaja. Kushoto asilimia 71, na kulia hali haikuwa nzuri zaidi. Daktari aligeuza kompyuta ili Mzee aone mwenyewe mstari unaoanza vizuri halafu unapotea. Baba akauliza, "Kwa hivyo mlango haufungiki?" Daktari akasema, "Haufungiki, Mzee." Baba akachukua kofia yake, akaishika mapajani, hakuuliza kitu kingine.

Nilimshukuru daktari yule baadaye. Siku ile nilimkasirikia.

Kilichomsaidia nitaandika chini, kwanza naona maswali yameanza.

Kijana_wa_Rongai ameandika:

Pole sana kaka, na asante. Mzee wetu ana shida hiyohiyo, yuko kwenye mashine ya oksijeni usiku. Nimesoma mahali kwamba kuna koili na kuna matibabu ya mvuke, na kwamba hizo hazijali kama ufa umekamilika. Mbona baba yako hakupewa hizo?

Nesi_wa_Zamu ameandika:

Nimefanya kazi wodi ya kifua miaka mingi hapa Nairobi, acha nijibu hili kwa urefu kidogo kwa sababu linahitaji historia.

Wazo la kupunguza pafu ili mtu apumue vizuri ni la zamani. Daktari mpasuaji Otto Brantigan alilijaribu Marekani miaka ya 1950, akikata sehemu zilizoharibika. Wagonjwa wengi mno walikufa na wazo likawekwa kando. Mpasuaji mwingine, Joel Cooper, akalifufua miaka ya 1990, kisha serikali ya Marekani ikagharamia utafiti mkubwa ulioitwa NETT, watu 1,218, matokeo yakatoka 2003. Ndani ya siku 90, asilimia 7.9 ya waliopasuliwa walikuwa wamefariki, na kwa waliobaki na dawa na mazoezi ni asilimia 1.3. Walionufaika hasa ni wale ambao uharibifu uko lobu za juu na nguvu zao za mazoezi ni ndogo. Hao hata maisha yao yalirefuka. Walio na mapafu dhaifu kabisa walikufa kwa wingi zaidi baada ya kisu.

Kwa hiyo watu wakatafuta njia ya kufika palepale bila kufungua kifua. Utafiti mkubwa wa kwanza wa vali, VENT, ulitoka 2010 na ulisikitisha: wastani wa faida ulikuwa mdogo. Lakini walipochambua nani alinufaika, wakakuta ni wale ambao ufa wao umekamilika. Wagonjwa wale ambao vali hazikuwasaidia ndio waliotufundisha kuchagua. Groningen huko Uholanzi wakachukua watu 68 ambao wote hawakuwa na upenyo kati ya lobu, wakachapisha mwaka 2015, na tofauti ikaonekana wazi. Ndipo ukaja utafiti wa LIBERATE uliofungua mlango wa idhini ya Zephyr mwaka 2018. Walikuwa watu 190, na 128 kati yao waliwekewa vali. Baada ya mwaka, asilimia 47.7 ya wenye vali walikuwa wamepandisha pumzi ya sekunde ya kwanza kwa asilimia 15 au zaidi. Kwa wasio na vali ni 16.8. Kwenye kutembea dakika sita, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa mita 39 hivi.

Mita 39 kwa mtu mzima ni kidogo. Kwa mgonjwa wa namna hii ni kutoka chumbani hadi kwa jirani na kurudi bila kubebwa.

Sasa koili. Ni nyaya za nitinoli, metali inayorudi kwenye umbo lake, zinazojikunja ndani ya pafu na kulivuta pamoja, kama kumi hivi au zaidi kila upande. Ni kweli hazitegemei ufa. Lakini utafiti wa RENEW wa 2016, watu 315, ulionyesha faida ndogo, kama mita 15 za kutembea, na matatizo mengi zaidi, nimonia ikiwemo. Marekani hazikupata idhini na kampuni ikaacha kuziuza. Ukikuta mtu anakuuzia koili leo, muulize amezitoa wapi. Mvuke nao huunguza sehemu iliyoharibika ili ipate kovu na kusinyaa. Ulijaribiwa kwa watu wachache, na ukishaunguza huwezi kuondoa kama unavyoondoa vali. Kuna pia povu la kuziba vijia. Bado ni jambo la tafiti.

Ndugu wa Rongai, swali la kwanza kwa mzee wenu ni je, amepimwa hewa iliyobaki? Au mna spirometri tu?

Kijana_wa_Rongai ameandika:

Spirometri tu, na eksirei. CT ilifanywa wakati wa Covid-19 nafikiri, au baadaye. Nitauliza.

Nesi_wa_Zamu ameandika:

Ombeni mpya, na mseme ni kwa ajili ya kupima lobu na nyufa. Picha ya kawaida yenye vipande vinene haisomeki kwenye programu ile. Na mtoke hospitali na diski mkononi, msitoke na karatasi ya majibu peke yake. Diski ndiyo inayoweza kutumwa kwa daktari yeyote aliye popote duniani kabla mgonjwa hajapanda ndege. Wagonjwa wangapi nimewaona wakirudi wameambiwa kule "hufai", na picha ileile ingeweza kutumwa kwa intaneti!

BintiPwani ameandika:

Assalaam alaykum jamani. Mimi naandika kwa upande wa pili, shangazi yangu alitiwa vali.

Shangazi aishi nasi South B, kwao Mombasa. Alivuta sigara kwa siri miaka mingi, hata mumewe hakujua. Ufa wake ulikuwa umekamilika, daktari hapa Nairobi akatuma picha India wakakubali, akatiwa vali nne lobu ya juu kushoto. Kazi yenyewe haikufika saa moja. Alipoamka alituambia anahisi mtu ameondoka juu ya kifua chake. Twalia sote kwenye simu kwa furaha.

Siku ya pili usiku akashikwa na maumivu ya ghafla upande uleule, akawa hawezi kusema maneno mawili. Pafu limetoboka. Lobu iliyofungwa iliponywea haraka, ile ya jirani ilitanuka kwa kasi ikachanika, hewa ikavuja kifuani. Wakamtia mrija ubavuni akakaa nao siku tisa. Mimi nilikuwa naye. Sijapata kuogopa vile maishani.

Alhamdulillahi, alipona. Sasa ni mwaka na miezi, aingia jikoni, apika biriani yake ameketi, aenda msikitini kwa miguu siku ambazo jua si kali. Lakini nasema hivi: asiye tayari kukaa hospitali siku kadhaa baada ya vali, asitiwe. Kuna mgonjwa tuliyekuwa naye kule ambaye familia yake ilikuwa imekata tiketi ya kurudi siku ya pili kwa sababu ya pesa. Walibishana na daktari hadharani.

Nesi_wa_Zamu ameandika:

Dada, umesema jambo kubwa. Kwenye LIBERATE zaidi ya robo ya waliowekewa vali walipata tatizo hilo, linaitwa numothoraksi, na wengi wao ilitokea siku tatu za mwanzo. Wanne kati ya wale 128 walifariki ndani ya siku 45. Ndiyo maana mgonjwa hulazwa angalau usiku tatu, na ndiyo maana mimi binafsi sipendi neno "bila upasuaji" linavyotumiwa kwenye matangazo. Hakuna kisu, ni kweli. Hatari ipo.

Bajeti ya familia ihesabu pia mrija wa kifua, wiki mbili za kulala hospitali na vali moja au mbili za kubadilisha. Kila vali hulipiwa peke yake na si bei ya kuchezea. Familia ambayo pesa zake zinaishia kwenye vali yenyewe haijafika.

Mama_Mapacha ameandika:

Hamjambo. Mimi mamangu hajavuta sigara hata siku moja. Alipika kwa kuni Murang'a, halafu chapati za kuuza kwa jiko la makaa huku Kayole, miaka na miaka ndani ya chumba kimoja. Daktari anasema mapafu yameziba kama ya mvuta sigara. Je, hizo vali zinaweza kumsaidia? Niko tayari kukopa kwenye chama.

Nesi_wa_Zamu ameandika:

Mama, usikope bado. Moshi wa kuni na makaa unaharibu mapafu kweli, na akina mama wengi wa kwetu wameumia hivyo bila kuvuta sigara. Lakini mara nyingi moshi wa jikoni huumiza zaidi njia za hewa zenyewe, zikawa nene na nyembamba ndani kwa makovu, na vile vifuko haviharibiki sana kama kwa mvuta sigara. Vali inahitaji lobu iliyooza, samahani kwa neno hilo, ili kuwe na kitu cha kufunga. CT ndiyo itasema. Kama emfisema ni kidogo, vali hazina kazi pale, na hata daktari mwaminifu wa India atakwambia hivyo.

Jiko limetoka ndani? Hilo mlifanye leo kabla ya kipimo chochote.

Mama_Mapacha ameandika:

Tulimnunulia gesi lakini maharagwe na githeri bado anachemsha kwa makaa, anasema gesi inaisha. Nitaongea naye. Asante sana daktari.

Nesi_wa_Zamu ameandika:

Mimi ni nesi, mama. Mchemshie wewe githeri Jumapili, umgawie vifurushi vya wiki.

Fundi_Redio ameandika:

Kuna kliniki inatangaza seli shina kwenye mtandao. Wanasema wanachukua damu yako, wanatoa seli, wanakurudishia, na mapafu yanajijenga upya. Hakuna hospitali, unaenda nyumbani siku hiyohiyo. Kuna mtu amejaribu?

MwanaWaUmoja ameandika:

Ndugu, sisi pia tulitumiwa tangazo hilo baada ya kuambiwa ufa haufungiki, wakati moyo uko chini kabisa, na nilikaribia kulipa. Hakuna matibabu ya seli shina yaliyoidhinishwa kwa emfisema, na mamlaka ya dawa ya Marekani imewaonya watu hadharani kuhusu kliniki za namna hiyo. Kuta zilizokwisha hazirudi. Vali haizirudishi, kisu hakizirudishi. Kinachotafutwa ni nafasi ya zile zilizobaki kufanya kazi. Tafadhali usimpe mtu pesa za mzazi wako kwa ahadi hiyo.

Sasa niandike nilichoahidi.

Pesa ya kwanza tuliyotumia baada ya siku ile ilikuwa ya kumhamisha. Baba alikuwa akikaa ghorofa ya nne, nyumba haina lifti kama nyumba nyingi za huku kwetu. Kila alipopanda ilimchukua karibu nusu saa, kwa hiyo alikuwa ameacha kushuka. Hakuna aliyewahi kutuuliza anaishi ghorofa ya ngapi. Sisi wenyewe hatukufikiria. Tulipata chumba na sebule chini, mtaa uleule, mbali na kibanda cha kukaanga samaki. Wiki ya kwanza alitoka nje mara nyingi kuliko miezi sita iliyotangulia.

Pili, inhela. Mtaalamu wa fiziotherapia alimwomba Mzee atumie inhela yake mbele yake. Alibonyeza, akavuta baadaye, dawa yote ikabaki ulimini. Miaka miwili tulikuwa tunanunua dawa ya kulowesha ulimi. Sasa anatumia ile chupa ya kuvutia dawa, na anavuta polepole.

Tatu ni mazoezi ya mapafu, wiki nane, mara mbili kwa wiki hospitalini na siku nyingine nyumbani. Mimi nilidhani ni kitu cha kumfariji mtu aliyenyimwa vali. Kumbe hata wanaopata vali hupitishwa hapo kwanza, na wengine hupata nafuu ya kutosha wakaahirisha. Kunyanyuka kitini bila kushika, mara kumi. Kuinua chupa za maji za nusu lita. Kupumua kwa midomo iliyokunjwa, pole, kama mtu anayepoza chai, ili hewa ipate muda wa kutoka. Na kutembea. Nilipima mita 30 kwa kamba kwenye ua, nikaweka jiwe kila mwisho. Siku ya kwanza dakika sita zilimpa mita 180 na alisimama mara nne. Mwisho wa wiki ya nane, mita 245, akasimama mara moja, na hiyo moja alisimama kumsalimia jirani.

Bado ni mgonjwa. Mwezi wa saba alilazwa siku tano kwa maambukizi ya kifua. Siandiki kwamba amepona.

Kijana_wa_Rongai ameandika:

Swali la ndege. Oksijeni ya mzee wetu inashuka hadi asilimia 87 kwenye kipimo cha kidole akitembea. Kama tutaambiwa twende, atafika?

Nesi_wa_Zamu ameandika:

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya ndani ya ndege hushushwa mpaka ifanane na ya mita kama 2,400 hivi. Kwa hiyo mzee wenu tayari anaishi sehemu kubwa ya mlima ule kila siku, na hapa ndipo wagonjwa wetu wanapotofautiana na wale wa kwenye vitabu vya Ulaya. Ndiyo sababu wengine wakishuka Mombasa wanasema wamepona, halafu wakirudi wanalia. Lakini kama anashuka hadi 87 akiwa hapa, atahitaji oksijeni safarini. Daktari lazima ajaze fomu ya shirika la ndege mapema. Mashirika mengi hayaruhusu mtungi wako mwenyewe, huruhusu mashine ndogo ya betri iliyokubaliwa, au wao hutoa oksijeni wakiarifiwa. Na pafu likitoboka kule, hapandi ndege mpaka eksirei ionyeshe limefunguka lote na siku kadhaa zipite. Visa iwe na siku za ziada.

Oksijeni ya nyumbani je, anatumia saa ngapi? Kama oksijeni ya damu yake iko chini hata akiwa ametulia, faida ya kurefusha maisha ilionekana kwa waliotumia saa 15 au zaidi kwa siku. Usiku peke yake haufiki. Na stima ikipotea mna mtungi wa akiba?

Kijana_wa_Rongai ameandika:

Hatuna. Na tulikuwa tunamwekea saa nane za kulala tu, tuliogopa atazoea.

BintiPwani ameandika:

Hazoei, kakangu. Ni kama chakula. Na jiko lisikaribie mashine, wala mwenye sigara.

Kijana_wa_Rongai ameandika:

Wadau nimerudi, wiki sita zimepita. Tulifanya kibanda cha vioo na CT mpya. Hewa iliyobaki ni 198. Ufa wa kushoto umekamilika kwa asilimia 97, na uharibifu mkubwa uko lobu ya juu upande huohuo. Mzee aliacha sigara mwezi wa tatu, tumehesabu, miezi minne imepita. Daktari amesema wiki nane za mazoezi kwanza, apimwe tena, kisha picha zitumwe. Hakuahidi kitu. Oksijeni sasa ni saa 16.

MwanaWaUmoja ameandika:

Asilimia 97! Nimemsomea Baba ujumbe wako hapa nje. Amefurahi, amenyamaza kidogo, kisha akaniambia nikuulize mzee wenu anakaa ghorofa ya ngapi.

Kijana_wa_Rongai ameandika:

Ya tatu.

MwanaWaUmoja ameandika:

Baba anasema muanze na hiyo.